Kanda za Bulyanhulu na Wasimuliaji Wake

Filamu ya mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu bado inasubiri mtengenezaji, lakini ugomvi juu yake umepita miaka 25. Naanza na ugomvi huo kwa makusudi. Tukizungumzia filamu za kihistoria na migawanyiko ya kisiasa, mazoea ni kuchukua filamu iliyokamilika na kuuliza imeegemea upande gani. Katika ukanda wa dhahabu, kuanzia Kahama na Msalala mkoani Shinyanga hadi Geita, swali hilo huja limechelewa. Huku watu hugawanyika filamu ikiwa bado vipande: kanda ya polisi, picha za televisheni, hotuba iliyorushwa mubashara kutoka Ikulu. Picha ni zilezile. Kinachogombewa ni nani azisimulie.

Kutenganisha picha na msimulizi ni kazi ya zamani Tanganyika. Mradi wa sinema wa Waingereza uliokuwa na makao Vugiri, kwenye milima ya Usambara, kati ya 1935 na 1937, ulitengeneza filamu fupi za kilimo, afya na kodi, kisha ukazizungusha Afrika Mashariki kwa lori. Sauti haikuwa ndani ya filamu. Iliwekwa kwenye santuri, ili picha moja iweze kusemeshwa lugha hii leo na lugha nyingine kesho. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ikashirikiana na kampuni ya Afrika Kusini kutengeneza filamu za Kiswahili, na nyota wa Muhogo Mchungu akawa kijana wa idara ya ustawi wa jamii aliyeitwa Rashidi Kawawa. Zilikuwa filamu za kumfunza Mwafrika tabia kwa macho ya mtawala. Januari 1962 kijana yule alikuwa Waziri Mkuu. Ukiitaja filamu hiyo leo, wanaoijua huitaja kwa fahari, kwamba simba wa vita naye aliwahi kuwa mwigizaji. Hakuna kilichobadilika ndani ya mkanda wenyewe.

Halafu vikaja vibanda umiza. Penye rashi ya dhahabu, mama ntilie wakishapanga masufuria na karasha likishaanza kunguruma, kibanda chenye mabenchi na televisheni hakikawii kusimama. Huko ndiko wengi walikoziona filamu za Hong Kong, Marekani na Nigeria zikiwa zimewekewa sauti ya Kiswahili na watu kama marehemu Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu. Lufufu hakuwa mkalimani wa kawaida. Alikatiza mazungumzo, akaeleza historia ya mhusika, akamsuta, akamhukumu kabla hajatenda. Mtazamaji aliyelelewa na sauti hiyo hahitaji kufundishwa kwamba mwenye kipaza sauti ana nguvu kuliko mwenye kamera. Nadhani anaielewa siasa ya filamu kuliko wengi wetu tunaoandika uchambuzi.

Sasa tuje Bulyanhulu yenyewe. Mwanzoni mwa Agosti 1996 wachimbaji wadogo walifukuzwa eneo hilo, wakati huo likiwa wilaya ya Kahama, ili kuipisha Kahama Mining Corporation, kampuni tanzu ya Sutton Resources ya Kanada. Maduara, yaani mashimo yao ya kuchimbia, yakafukiwa kwa mitambo. Hazikupita siku nyingi yakaanza madai kwamba chini kulikuwa na watu, zaidi ya 50, waliofukiwa wakiwa hai. Serikali ikakanusha, kampuni ikakanusha. Hata idadi ya waliokuwa wakichimba pale ilibishaniwa: upande mmoja ulihesabu maelfu, mwingine malaki. Mwaka 1999 Barrick Gold wakainunua Sutton. Mwaka 2000 MIGA, chombo cha bima ya uwekezaji cha Kundi la Benki ya Dunia, kikaukatia mradi dhamana ya dola milioni 172. Mwaka 2001 mgodi ukaanza uzalishaji.

Mwaka huohuo zikatoka kanda. Chama cha wanasheria wa mazingira, LEAT, kilichokuwa chini ya Rugemeleza Nshala pamoja na Tundu Lissu, kilidai tume huru ya uchunguzi na kusema kina ushahidi, zikiwemo picha za video zinazoonyesha miili ikitolewa mashimoni. Augustine Mrema, aliyewahi kuwa Naibu Waziri Mkuu na wakati huo mwenyekiti wa chama cha TLP, naye akasimama na kanda. Upande wa pili nao ulikuwa na picha zake: video ya zoezi la kufukia, iliyotajwa kuwa uthibitisho kwamba mashimo yalikaguliwa kwanza. Novemba 2001 polisi walipekua ofisi za LEAT na kumkamata Nshala, na baadaye Nshala, Lissu na Mrema wakafunguliwa mashitaka ya uchochezi. Oktoba 2002 ofisi ya CAO, inayopokea malalamiko dhidi ya miradi ya Kundi la Benki ya Dunia, ikatoa ripoti ikisema haikuona msingi wa kuyaamini madai ya watu kufukiwa hai. LEAT waliikataa ripoti hiyo.

Tazama muundo wa ugomvi ule. Ubishi mkubwa haukuwa juu ya kuwepo kwa kanda. Mabishano yalikuwa juu ya mambo ambayo kamera ya video haiyasemi: mwili huu ni wa siku gani, shimo hili lilifukiwa lini, huyu aliyeinama ukingoni anachungulia kama kuna mtu au anatimiza wajibu wa kamera. Yaani ilikuwa kazi ya msimulizi. Na katika nchi iliyotoka kwenye uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi mwaka mmoja tu kabla ya maduara kufukiwa, uchaguzi ambao Mrema mwenyewe alikuwa mpinzani mkuu wa Benjamin Mkapa, msimulizi alitambuliwa kwa chama chake kwanza, kwa hoja zake baadaye. Aliyeamini CCM aliona kanda ya wachochezi. Aliyeichukia CCM aliona kaburi. Ndugu wa waliodaiwa kufa, ambao huenda walitaka tu kujua mtu wao yuko wapi, walikosa sauti ya tatu ya kusimulia kwa ajili yao.

Yaliyotokea 2017 yaliigeuza hadithi hii juu chini. Machi mwaka huo Rais John Magufuli, mzaliwa wa Chato, wilaya ambayo tangu 2012 iko ndani ya Mkoa wa Geita, alipiga marufuku kusafirisha nje makinikia, ule mchanga wenye madini. Makontena 277 yakazuiwa Dar es Salaam. Mei, kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikawasilisha ripoti; Juni, kamati ya Profesa Nehemiah Osoro ikawasilisha ya pili. Zote mbili zilipokelewa Ikulu mbele ya kamera, mubashara. Kwa macho ya mtu wa filamu, yale yalikuwa maigizo ya kihistoria ya daraja la juu: wazee wa sayansi wakisoma tarakimu, rais akisikiliza kwa huzuni inayopanda kuwa hasira, adui asiyeonekana aliyechota miaka na miaka. Nchi nzima ilitazama. Julai ikaja hati ya madai ya kodi ya dola bilioni 190 dhidi ya Acacia, kampuni tanzu ya Barrick, na vijiwe vikaanza kupiga hesabu kwamba kila Mtanzania anaweza kupata gari lake la Noah. Ikumbukwe kwamba matangazo ya mubashara ya vikao vya Bunge yalikuwa yameondolewa TBC mwaka mmoja kabla. Kamera ilizimwa mahali penye wasimulizi wengi, ikawashwa mahali penye msimulizi mmoja.

Na Lissu je? Mtu aliyekuwa ameshitakiwa kwa kusema kampuni za dhahabu zinaumiza Watanzania sasa alikuwa mbunge na mwanasheria mkuu wa CHADEMA, akionya kwamba mikataba ikivunjwa bila utaratibu, nchi itaburutwa kwenye mabaraza ya usuluhishi ya kimataifa. Kwa onyo hilo akaitwa msaliti anayewatetea wazungu. Septemba 2017 alipigwa risasi nyingi Dodoma, akanusurika. Maneno aliyoyasema 2001 yalikuwa yamehamia kwenye kinywa cha dola. Yeye mwenyewe alikuwa amehamishiwa upande wa adui.

Hapa ndipo nadharia rahisi ya filamu kuwa kioo cha migawanyiko inaponishinda. Chukua mwongozaji mmoja, mpe kanda zilezile za 1996, mwambie atengeneze filamu mara mbili. Ile ya 2002 ingemfanya Lissu shujaa wa upinzani na serikali kuwa mlinzi wa mwekezaji. Ile ya 2018 ingepata baraka serikalini kama ingeishambulia kampuni, mradi tu wanasheria wa LEAT watolewe kwenye hadithi na polisi wa 1996 wasionekane wamevaa sare za nani. Kioo gani hicho kinachobadilisha sura ya aliyesimama mbele yake? Mpaka wa kambi za kisiasa haukai mahali pamoja, na filamu ya kihistoria inayoutegemea huchakaa upesi kuliko tukio linalosimuliwa.

Ng'ambo ya ghuba, Mwanza, tuna mfano wa filamu iliyokamilika. Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, mzaliwa wa Austria, ilitoka 2004, ikagombea Oscar 2006. Ilionyesha minofu ya sangara ikipanda ndege kwenda Ulaya huku watu wa Mwanza wakibaki na mapanki, na ikadokeza kwamba ndege hizo huenda huja na silaha. Haina msimulizi. Sauper aliacha watu waongee, akaweka maandishi machache, basi. Nafasi hiyo tupu ikajazwa na wengine. Rais Jakaya Kikwete aliishutumu hadharani mwaka 2006, Mwanza yakafanyika maandamano ya kuipinga, na huko Ufaransa mwanahistoria François Garçon aliitilia shaka hadi akafikishwa mahakamani na mwongozaji kwa kumchafulia jina, na kushindwa. Nyumbani mjadala uligeuka haraka kuwa wa heshima: je, mapanki ni chakula cha masikini au tumetukanwa? Suala la ubinafsishaji wa zama za Mkapa, ambalo kwa maoni yangu ndilo uti wa mgongo wa filamu ile, likapita pembeni. Nikiitazama leo, baada ya miaka 20, naona filamu ya kihistoria kuhusu mwanzo wa miaka ya 2000 ambayo haikukusudiwa kuwa hivyo. Hasira imepoa, kwa hiyo inaonekana vizuri zaidi, pamoja na udhaifu wake wa kudokeza mambo bila kuyathibitisha.

Afrika Kusini walifika mbali zaidi. Agosti 16, 2012 polisi waliwaua wachimbaji 34 waliogoma Marikana. Filamu ya Rehad Desai, Miners Shot Down, ilitoka 2014 ikiwa imetumia, miongoni mwa mengine, picha zilizopigwa na polisi wenyewe na kufikishwa mbele ya tume ya Jaji Farlam. Nguvu yake iko kwenye eneo la pili la mauaji, kwenye majabali, ambako watu 17 walikufa mbali na kamera za waandishi wa habari. Desai aliisuka siku ile saa kwa saa hadi mtazamaji akajua kipande gani cha picha hakipo. Siasa zikaingia, bila shaka. Cyril Ramaphosa alikuwa mjumbe wa bodi ya Lonmin, wamiliki wa mgodi, na barua pepe zake za siku hizo zimo ndani ya hadithi. Tume haikumtia hatiani, na 2018 akawa rais. Julius Malema naye alikizindulia chama chake Marikana, 2013. Kambi zote mbili zina sababu ya kuivuta filamu ile. Lakini kwa kuwa kulikuwa na tume iliyokaa hadharani, na ushahidi wa picha ukaingia kwenye kumbukumbu za umma, mabishano yana sakafu ya kusimamia. Ndilo lililoombwa Bulyanhulu mwaka 2001, tume, na ndilo lililokataliwa. Sakafu ikikosekana, kila mwenye kanda anaelea na kanda yake.

Kwetu, filamu za historia zinazopita salama ni zile ambazo adui yake yuko mbali. Filamu ya kumbukumbu ya Vita vya Kagera ina Idi Amin, na Idi Amin hana chama Tanzania. The Empty Grave ya 2024, iliyoongozwa na Cece Mlay na Agnes Lisa Wegner, inafuata familia za Songea na Meru zinazotafuta mabaki ya mababu waliouawa na Wajerumani. Ni filamu nzuri na yenye uchungu wa kweli, ila mwenye kuombwa maelezo yuko Berlin. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, kutoka riwaya ya Adam Shafi, ilikwenda Zanzibar lakini ikatua miaka ya 1950, chini ya Mwingereza, kabla ya Mapinduzi ya Januari 1964. Simlaumu Shivji. Zanzibar ina picha za 1964 zilizopigwa kutoka angani na Waitaliano wa Africa Addio, filamu ya 1966 iliyojaa dharau kwa Waafrika, na picha hizo zimekuwa zikirushwa huku na huko na wapinzani wa Mapinduzi na watetezi wake, kila mmoja na maelezo yake. Mtu mwenye akili anaweza kuamua kuingia kwa mlango mwingine.

Sababu nyingine ni ya mfukoni, nitaipitia haraka. Steven Kanumba, nyota mkubwa kuliko wote wa Bongo Muvi, alizaliwa Shinyanga mwaka 1984, lakini soko lililomkuza lilitaka mapenzi, familia na uchawi, filamu za kupigwa ndani ya nyumba mbili tatu za Dar es Salaam. Historia inadai magari ya zamani, sare na vibali. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 inataka muswada upite kwa wakaguzi kabla kamera haijatoka kwenye begi. Mtayarishaji mwenye mkopo hahitaji kukatazwa, hujikataza mwenyewe.

Mwaka huo wa 1976 unanirudisha Shinyanga kwa sababu nyingine. Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga vyombo vya dola viliendesha operesheni dhidi ya waliotuhumiwa kwa mauaji yaliyohusishwa na imani za kishirikina. Watu waliteswa, baadhi wakafa mikononi mwa dola. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu. Kila Mtanzania aliyesoma uraia anaijua nusu ya pili ya kisa hiki. Mwinyi alipofariki Februari 2024, kilirudiwa kama mfano wa uwajibikaji, na kwa haki, kwa sababu mawaziri wanaojiuzulu kwetu ni wachache. Lakini jaribu kumtaja mmoja wa waliokufa. Kijiji gani? Alikuwa mganga, mkulima wa pamba, mfugaji? Sisemi kuna njama ya kuwaficha. Nasema simulizi imepangwa ili kamera imfuate waziri anapotoka ofisini, na mgawanyiko wa kisiasa wa leo unaisaidia ibaki hivyo: chama tawala kinakipenda kisa kwa sababu kinaonyesha maadili ya waasisi, upinzani unakipenda kwa sababu unapata fimbo ya kuwachapia mawaziri wa sasa. Kambi mbili zinazochukiana zimekubaliana kabisa juu ya nani awe mhusika mkuu. Msukuma aliyefia mahabusu hana faida kwa yeyote kati yao.

Ndiyo maana siamini kwamba tatizo la filamu zetu za kihistoria ni upendeleo. Upendeleo unajibika: mwingine atengeneze yake. Tatizo ni makubaliano ya kimya kati ya wapinzani juu ya kitu cha kuacha nje ya fremu. Uhamishaji wa watu wakati wa Operesheni Vijiji, 1974, ambao Shinyanga iliuonja vilivyo, uko hivyo. Kampuni ya Filamu Tanzania ilitengeneza Fimbo ya Mnyonge kuusifu ujamaa miaka ileile ya 1970. Filamu ya familia iliyobomolewa nyumba ili ihamie kijiji cha maendeleo haimsaidii anayemtukuza Mwalimu Nyerere, wala haimsaidii mpinzani, ambaye naye humnukuu Mwalimu kila anapopanda jukwaani.

Wakati huohuo kanda mpya zinaongezeka, na hazihitaji tena ofisi ya LEAT wala mkutano wa waandishi. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, ambao Lissu hakushiriki akiwa mahabusu kwa kesi ya uhaini, intaneti ilizimwa. Iliporudi, simu zilijaa picha za majeruhi na miili. Mamlaka zikawaonya wanaozisambaza, na serikali ikaunda tume chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Maswali yaliyoulizwa juu ya picha hizo yalikuwa yaleyale ya 2001: ni za lini, za wapi, nani kazituma, ana nia gani. Tofauti ni kwamba safari hii tume iliundwa, na safari hii mwenye kamera ni yeyote aliyekuwa dirishani.

Kwa anayetaka kuitengeneza filamu ya Bulyanhulu, muda si mrefu. Kanda za video za 1996 zinakufa zenyewe. Utepe wa sumaku ukikaa miongo mitatu kwenye joto na vumbi huanza kupoteza picha. Waliokuwa maduarani wakiwa vijana wa miaka 30 sasa wanaikaribia 60 au wameipita. Mrema alifariki 2022. Na mshitakiwa mkuu wa hadithi naye amebadilika umbo. Oktoba 2019 serikali na Barrick walitangaza kumaliza mgogoro wa makinikia kwa malipo ya dola milioni 300 na kuundwa kwa Twiga Minerals, ambamo serikali ina hisa 16 katika kila 100, na Bulyanhulu ni mmoja wa migodi iliyo chini yake. Dola iliyokuwa na askari ukingoni mwa maduara mwaka 1996 sasa ni mwenye hisa kwenye mgodi ulio juu ya maduara hayo, na muswada wa filamu hiyo, ukiandikwa, utapelekwa kwa wakaguzi wake.